Abaki Kituoni

Printa ya ofisi yetu tunaiita Bibi. Ni kubwa, ni nzito, inakohoa kabla ya kufanya kazi yoyote, na ukiiharakisha inanuna. Nimekaa nayo meza kwa meza muda mrefu, najua kikohozi chake cha karatasi iliyojikunja na kikohozi chake cha wino unaokaribia kuisha. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba namjua Bibi kuliko ninavyomjua yeye. Alisema kwa utani, lakini sikucheka, maana ilikuwa kweli. Bibi namwona kila siku. Mke wangu namwona likizo.

Yeye ni mkunga. Yuko kwenye zahanati ya mbali, mbali hasa, kule ambako barabara inaishia halafu ndipo unaanza kuuliza njia. Alipelekwa huko binti yetu akiwa anaota meno, na sasa meno yale yale yameanza kung'oka. Kadogo, ndivyo tunavyomwita huyo binti, anaishi na mimi kwa sababu shule ya huku ina walimu wa kutosha, na kwa hiyo mimi ndiye ninayemsuka nywele. Nasuka mistari inayokwenda inakotaka yenyewe. Mwalimu wake aliwahi kuniuliza, kwa adabu zote, kama mtoto alipigana na mtu njiani.

Kila mwaka mke wangu anaomba uhamisho arudi mjini. Na kila mwaka mimi, karani katika ofisi ileile inayohamisha watumishi wa afya, ndiye ninayechapisha barua ya kumwambia kwamba abaki alipo. Watu wakisikia ninapofanya kazi wananishangaa. "Sasa si umsogeze tu mkeo?" wanasema, kana kwamba uhamisho nimeuweka mfukoni pamoja na funguo za nyumba. Nimechoka kuwaeleza. Mimi sihamishi mtu. Kamati ndiyo inayohamisha. Mimi nachapisha.

Ngoja nieleze mara moja, nisije nikarudia. Kamati inakaa kwenye chumba cha mikutano, mlango umefungwa, chai inaingia na vikombe vinatoka. Katibu wao anaingiza uamuzi kwenye programu ya kompyuta tunayoiita Mfumo, kama vile duniani hakuna mwingine. Wakimaliza, Mfumo unatoa jedwali moja refu: jina la mtumishi, kazi yake, kituo alipo na kituo kipya. Kwa aliyekataliwa, safu ya kituo kipya inaandikwa maneno mawili tu: Abaki kituoni. Jedwali linakwenda kwa Mkuu wa ofisi alikague, kisha linakuja kwangu kwenye flashi. Mimi naliunganisha na barua ambayo imeshaandaliwa, nabonyeza Chapisha Zote, na Bibi anaanza kukohoa. Barua yenyewe ni fupi. Inachukua jina na kituo kipya, basi.

Jambo jingine la kujua kuhusu ofisi yetu ni kwamba hatusomi maswali ya kompyuta. Kompyuta inauliza mno. Una uhakika? Unataka kuendelea? Unataka kubadilisha? Aliyenifundisha kazi aliniambia siku ya kwanza, "Ikikuuliza, bonyeza Ndiyo. Ukianza kujibizana nayo, hutoki hapa." Hivyo ndivyo tulivyoishi wote, kuanzia mapokezi mpaka kwa Mkuu.

Mwaka huu Mkuu alikuwa ametoka semina. Alirudi na mkoba wa kitambaa wenye maandishi ubavuni na ujuzi wa aina mbili: kupaka rangi vichwa vya jedwali, na kupanga majina kwa alfabeti.

"Miaka yote tunahangaika kutafuta majina," aliniambia akinikabidhi flashi, kifua mbele. "Mwaka huu kuna mpangilio. Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Majina yalikuwa yamepangwa kweli, mstari kwa mstari, na vichwa vya safu vilikuwa vya kijani. Nikasema hongera, Mkuu. Sikuwa na nguvu ya kusema zaidi. Siku hiyo nilikuwa nimechoka hata kabla haijaanza. Yunifomu ya Kadogo ilikuwa haijakauka, nikaikausha kwa pasi huku nikimsikiliza akisoma jedwali la saba; tulipofika saba mara nane pasi ikaunguza kola, na yeye akasema hamsini na nne. Nikamwachia. Kuna asubuhi ambazo hamsini na nne inatosha.

Nilibonyeza Chapisha Zote, nikakaa kusubiri. Jina la mke wangu linaanza na herufi za mkiani, kwa hiyo mpangilio wa Mkuu ulinipa kazi ya kungoja barua zote za dunia zipite kwanza. Bibi alikohoa, akatema, akakwama, nikamfungua tumbo, nikamfunga, akaendelea. Barua ya mke wangu ilipotoka sikuisoma. Niliijua. Niliishika niiingize katikati ya rundo, jicho likanasa maneno ambayo hayakuwa mawili.

Unahamishiwa Hospitali ya Mji.

Hospitali ya Mji iko nyuma ya ofisi yetu. Nikisimama dirishani naliona bati lake. Nilisimama, nikaliona, nikakaa tena. Halafu nikaenda chooni, nikafungua bomba hadi mwisho, nikalia. Nasema wazi, sioni haya. Nililia kama mtu aliyebeba ndoo kichwani njia nzima, kisha anatokea mtu na kumtua.

Tuna sheria kwamba mtumishi haambiwi chochote mpaka barua isainiwe na Mkuu na igongwe mhuri. Katika miaka yangu yote mdomo wangu haukuwahi kuivunja. Siku hiyo sikufika hata kwenye kiti. Nilimpigia simu humo humo chooni.

"Mama Kadogo, uko wapi?"

"Niko kazini, nitakuwa wapi? Mtoto ana nini?"

"Mtoto mzima. Umepata."

"Nimepata nini?"

"Hospitali ya Mji. Barua ninayo hapa mkononi."

Nikadhani simu imekatika.

"Baba Kadogo," akasema polepole, "nitanie yote, lakini si hili."

"Sikutanii. Naapa."

Basi akapiga kelele, mke wangu ambaye wagonjwa wanamsifu kwa upole. Nikamsikia akimwita dada wa usafi, nikasikia ndala zikikimbia, nikasikia vigelegele vya watu wawili waliokuwa wanajaribu kufanana na kumi. Jioni akanipigia tena kunieleza mipango. Godoro lake alishampa dada wa usafi, maana yule dada alikuwa analala kwenye jamvi na mgongo unamsumbua. Jiko alishampa mlinzi. Yeye angekuja na begi moja tu.

"Si barua bado haijatoka?" nilisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa.

"Si unayo mkononi?" akacheka.

Kadogo nilimwambia akiwa anavua viatu. Alivua kimoja, akabaki na kingine.

"Atanisuka yeye?"

"Atakusuka yeye."

"Kila siku?"

"Nywele hazisukwi kila siku, mwanangu."

"Lakini atakuwepo kila siku."

"Atakuwepo."

Akaenda chumbani na kiatu kimoja. Nilipomfuata nilimkuta amefungua kabati. Alikuwa ametoa nguo zake zote na zangu kutoka upande wa kulia, amezisukumia kushoto zimebanana, na upande wa kulia ametundika vitundikio vitupu, kimoja kimoja, kwa nafasi.

Kesho yake nilifika kazini nikiwa nimechana nywele. Mama Mhuri aliliona hilo kabla sijamsalimia.

Mama Mhuri ndiye anayegonga mhuri. Anautunza kwenye mkoba wake na hata akienda kunywa maji anaenda nao. Hatakiwi kusoma barua, anatakiwa kugonga, lakini husoma kila moja, kwa sababu watumishi wengi anawajua tangu walipokuja kuripoti wakiwa na vyeti vipya na viatu vya kuazima. Anagonga kwa nguvu, paa! mpaka chai yangu inatikisika. Mkuu alikuwa ameshasaini rundo zima tangu jana jioni, bila kusoma, kama kawaida yake. Kwa hiyo asubuhi hiyo ilikuwa paa, paa, paa, na mimi nangoja kwa hamu herufi za mkiani.

Halafu paa ikakoma. Nikamsikia anacheka peke yake.

"Wewe," akaniita. "Kamati mwaka huu walikunywa nini? Yule fundi wa meno wamempeleka kliniki ya watoto wachanga. Atang'oa nini kule, ufizi?"

Tulicheka wote. Akaendelea kugonga. Paa, paa. Kisha akasimama tena, safari hii hakucheka.

"Na huyu wa eksirei? Wanampeleka kwenye zahanati isiyo na umeme. Atawamulika watu kwa tochi?"

Niliweka kikombe chini. Nikafungua Mfumo, nikamtafuta fundi wa meno. Mfumo ulisema: Abaki kituoni. Nikamtafuta wa eksirei: hospitali kubwa, yenye umeme wake. Nikafungua jedwali la Mkuu lenye vichwa vya kijani, nikaliweka kando ya lile la Mfumo, na hapo nikaona alichokifanya. Alikuwa amechagua safu ya majina peke yake na kuiambia ijipange. Bila shaka kompyuta ilimuuliza kama anataka safu nyingine zote zisogee pamoja na majina au zibaki. Naye, kama sisi sote, alibonyeza kile kilichofanya swali liondoke. Majina yakapanda na kushuka kufuata alfabeti, vituo vikabaki palepale vilipokuwa. Kila mtu alikuwa amekabidhiwa maisha ya mtu mwingine.

Nilimtafuta mke wangu wa mwisho. Nilichelewesha makusudi. Nikasafisha miwani, nikasogeza kikombe, nikamkagua hata mtu wa mochwari. Halafu nikamtafuta.

Abaki kituoni.

"Vipi wewe, unaumwa?" Mama Mhuri aliuliza.

"Acha kugonga," nikamwambia. "Barua zote zina makosa."

Aliniangalia, akaangalia rundo, akatoa ile ya mwisho kabisa. Akaisoma. Yeye huyo huyo ndiye anayemletea Kadogo daftari kila shule zikifunguliwa. Akairudisha barua, akaufunga mhuri kwenye mkoba.

Mkuu alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimwekea majedwali mawili mezani, nikamwonyesha fundi wa meno. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Nilidhani atanifokea, ni mtu wa kufa na tai shingoni. Badala yake alikaa na kuukanda mkono wake wa kulia uliokuwa umekufa ganzi kwa kusaini.

"Iliniuliza kitu," akasema. "Nikabonyeza."

"Wote tunabonyeza, Mkuu."

"Kule semina walipitisha haraka haraka." Kisha akajikumbuka kwamba ni Mkuu. "Rekebisha. Toa jedwali jipya, chapisha upya, niletee nisaini kabla hatujafunga. Kamati wameshatawanyika, hakuna haja ya kuwasumbua. Na jambo hili liishie humu ndani."

"Utalikagua jedwali kwanza?"

"Sitaligusa tena jedwali mimi," akasema. "Nakuamini."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Niliporudi kwenye meza yangu nilielewa kwamba orodha nzima ilikuwa mikononi mwangu na hapakuwa na mtu wa kuitazama baada yangu.

Nilitoa jedwali jipya kwenye Mfumo. Lilikuja kwa mpangilio wa kamati, majina yakiwa na vituo vyake halali. Nikatafuta Hospitali ya Mji ilikwenda kwa nani. Ilikwenda kwa mkunga. Mkunga, si daktari, si mtu wa eksirei; mwanamke nisiyemjua, wa kituo kingine cha mbali, upande mwingine kabisa. Laiti angekuwa fundi wa meno! Ningejua haiwezekani, ningechapisha na kwenda nyumbani kulala. Lakini alikuwa mkunga, na mke wangu mkunga. Ungebadilisha visanduku viwili tu, na hata Mama Mhuri asingepata cha kucheka.

Nikabonyeza jina lake, ukurasa wake ukafunguka. Mfumo hauna nafasi ya mtu kujieleza. Una sababu chache za kuchagua: masomo, afya, kuungana na familia, nyinginezo. Yeye alikuwa amechagua kuungana na familia. Nikafungua wa mke wangu, ingawa niliujua kwa sababu mimi ndiye niliyemjazia. Kuungana na familia. Kurasa mbili zilikuwa sawasawa, ungeziweka moja juu ya nyingine.

Nitasema nilivyofanya. Nilirudi kwenye jedwali, kwenye mstari wa yule mwanamke nikafuta Hospitali ya Mji nikaandika Abaki kituoni. Kwenye mstari wa mke wangu nikafuta Abaki kituoni nikaandika Hospitali ya Mji. Nilikuwa na hasira, na hasira inaandika vizuri. Nilikuwa na hasira na kamati na chai yao, na Mkuu na rangi yake ya kijani, na yule mkunga kwa kuomba mwaka uleule, na kola iliyoungua. Nikafunga faili. Kompyuta ikaniuliza: Faili hili limebadilishwa. Unataka kuhifadhi mabadiliko? Ndiyo. Hapana.

Sijui ni kwa nini nililisoma swali. Labda kwa sababu nilikuwa nimetoka kuona linakoweza kumfikisha mtu. Kidole kilikuwa juu ya kipanya, na nikaona kwamba nikibonyeza nitakuwa nimebonyeza mimi, si semina. Nikaliacha swali lile likiwa bado kwenye kioo, nikachukua simu.

"Nina mtu hapa, yuko karibu kabisa kujifungua," mke wangu alisema. "Sema upesi."

Nilisema upesi. Nilimwambia kuhusu majina kupangwa na vituo kubaki. Nilimwambia barua yake ya kweli inasema nini. Upande wa pili nilisikia mwanamke akilalamika, na mke wangu akimwambia apumue.

"Na ile nyingine? Ile ya Hospitali ya Mji?" aliniuliza.

"Ya mkunga mwingine. Lakini sikiliza, bado sijaprinti. Naweza kuwabadilisha nyinyi wawili tu. Hakuna atakayejua. Mkuu hataki hata kuliona jedwali. Yeye mkunga, wewe mkunga..."

Mwanamke yule akapiga ukelele.

"Usikate," mke wangu akasema.

Aliitia simu mfukoni mwa koti lake la kazi. Nilijua kwa sababu sauti zote zilikuja zimefunikwa na kitambaa. Nilikaa nimebana simu sikioni, macho kwenye lile swali, nikamsikiliza mke wangu akifanya kazi. Sikuwahi kumsikia kazini. Nyumbani ni mtu wa maneno mengi na kucheka ovyo. Kule alikuwa na maneno machache. "Bado, mama. Bado. Usisukume. Nitazame mimi. Haya, sasa. Sasa. Tena." Yule mwanamke alisema hawezi, akamwambia, "Unaweza, niko hapa, siendi popote." Nilisikia maneno hayo vizuri kabisa, kitambaa na yote.

Halafu mtoto akalia. Nikasikia vitu vya chuma vikiwekwa kwenye sinia, dada wa usafi akisema hongera, maji yakimwagika kwa muda mrefu.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Wa kike," akasema. Alikuwa anahema. "Huyo mwenzangu ana mtoto?"

"Mfumo hauonyeshi. Umeandika kuungana na familia."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Nimechoka, Baba Kadogo."

"Najua."

"Hujui. Nimechoka mpaka nikisikia honi ya gari nadhani ni nyinyi."

"Basi sema niwabadilishe," nikamwambia. "Sema neno moja tu, mimi nitabonyeza."

"Unataka niseme mimi ili iwe ni mimi."

Alikuwa amenipata.

"Printi kama kamati ilivyosema," akasema. "Halafu niletee godoro. Langu nimeshaligawa, na siwezi kwenda kumvua mtu godoro mgongoni."

Akakata, kwa sababu mtoto alitakiwa kupimwa uzito.

Nikabonyeza Hapana. Miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti sikumbuki kama niliwahi kubonyeza Hapana. Jedwali lilipofunguka tena kila mtu alikuwa kwake. Nikaliunganisha na barua, nikabonyeza Chapisha Zote, na Bibi akakohoa, akaanza upya. Kwa mpangilio wa kamati barua ya mke wangu haikuwa ya mwisho. Ilitoka katikati, kati ya mfamasia na dereva wa gari la wagonjwa, ikiwa bado na joto.

Mkuu alisaini safari hii akisoma. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Alipofika katikati kalamu ikasimama.

"Huyu si mkeo?"

"Ndiye."

"Jana nilimsainia hapa mjini. Barua yake ilikuwa ya mwisho kabisa, jicho likaiona, nikafurahi, nikasema leo utaninunulia soda." Aliniangalia juu ya miwani. "Na leo?"

"Jana ilikuwa makosa, Mkuu."

Alikaa nayo barua ile muda mrefu. Mimi nilisimama, mikono nyuma, na nakiri kwamba kuna sehemu yangu ilikuwa bado inangoja aseme kitu. Asaini, asisaini, aichane, aseme ngoja nimpigie mwenyekiti. Akashusha pumzi, akasaini.

"Aombe tena mwakani," akasema.

Mama Mhuri aligonga zote zilizotangulia kwa nguvu zake za kawaida. Ilipofika ile, hakugonga. Aliuweka mhuri taratibu, akaukandamiza kwa viganja viwili, akauinua bila sauti. Kisha akaendelea na ya dereva, paa.

Nyumbani nilimkuta Kadogo kwa jirani anayemshikia mpaka nirudi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipomwona yote yalinitoka, nikamwambia tu kwamba mama haji, kwamba ofisi ilikosea majina, kwamba atakuja likizo kama siku zote. Nilijikaza kisabuni, nikangoja alie. Hakulia. Aliingia chumbani, akafungua kabati, akatoa vitundikio vitupu kimoja kimoja, akarudisha nguo zetu upande wa kulia. Alizirudisha vibaya, suruali zangu juu ya sketi zake, na alipomaliza akafunga mlango wa kabati kwa mgongo.

"Kwa hiyo kesho unanisuka wewe," akasema.

"Mimi."

"Basi usikaze."

Shule zilipofungwa tulikwenda dukani kununua godoro la kupeleka. Duka lilikuwa na magodoro yamepangwa mpaka darini, bado kwenye nailoni zao. Kadogo alivua viatu vyote viwili, akapanda juu ya moja lililokuwa chini, akalala chali na kufumba macho, akalijaribu kama mtu mzima.

Muuzaji akaniuliza godoro ni la nani. Nikamwambia la mke wangu, yuko kazini mbali.

"Analala peke yake? Basi chukua la mtu mmoja, ni jepesi kubeba."

Nilikuwa naitikia. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kulichukua.

"La watu watatu," Kadogo akasema kutoka kule chini, bila kufumbua macho.

Muuzaji alinitazama. Nikamwambia ashushe lile kubwa, la juu kabisa.